Tarakimu Tatu za Nyuma ya Kadi: Zinavyofanya Kazi na Tunavyoziita Lubumbashi

Kila anayelipa kwa kadi ya benki kwenye intaneti huulizwa vitu vitatu au vinne: namba ndefu ya mbele, tarehe ya kuisha kwa kadi, mara nyingine jina lake, na tarakimu tatu ndogo zilizochapwa nyuma, kando ya ukanda wa sahihi. Makala haya yanahusu tarakimu hizo tatu. Kwenye kurasa za Kiingereza huandikwa CVV au CVC, kutegemea kama kadi ni ya Visa au ya Mastercard. Kwenye kurasa za Kifaransa, ambazo ndizo tunazokutana nazo zaidi hapa Lubumbashi, huitwa cryptogramme visuel. Kwa Kiswahili hazina jina moja. Nimewauliza wanafunzi wenzangu wa Kasapa na jamaa wa nyumbani wanaotumia kadi, nikapata "kode," "ile kode ya nyuma," "namba ya siri," na "namba yenye iko nyuma ya karte." Wengi hunyamaza kwanza, kisha hugeuza kadi na kuonyesha kwa kidole.

Mwanafunzi wa isimu angeweza kuwaachia wahasibu jambo hili. Naona ana sababu mbili za kulishika. Ya kwanza ni kwamba namna kadi inavyojilinda inafanana sana na mambo tunayofundishwa katika kozi za mofolojia na semantiki, kiasi kwamba anayejua upatanisho wa ngeli tayari ameelewa nusu ya somo. Ya pili ni nzito zaidi: jina baya la tarakimu hizi humfanya mtu atoe kitu asichotakiwa kutoa, na fedha zikishaondoka kwenye akaunti si rahisi kuzirudisha.

Namba ndefu na upatanisho

Tuanze mbele ya kadi, maana tarakimu tatu za nyuma hazieleweki bila namba ndefu ya mbele. Kwa kadi nyingi namba hiyo ina tarakimu 16. Za mwanzo hutambulisha mtandao na benki iliyotoa kadi (namba za Visa huanza na 4), na zinazofuata hutambulisha kadi ya mteja. Tarakimu ya mwisho haimtambulishi mtu yeyote. Hiyo ni tarakimu ya ukaguzi, na thamani yake hupatikana kwa kukokotoa zile zilizotangulia. Kanuni yake ilibuniwa na Hans Peter Luhn, mhandisi wa kampuni ya IBM, aliyeiombea hataza mwaka 1954 na kuipata mwaka 1960.

Tufanye mfano kwa namba fupi, 25714, tukitafuta tarakimu ya sita. Tunatoka kulia kwenda kushoto, tukizidisha kwa mbili tarakimu moja na kuiacha inayofuata. 4 inakuwa 8. 1 inabaki 1. 7 inakuwa 14, na kwa kuwa imevuka 9 tunajumlisha 1 na 4 kupata 5. 5 inabaki 5. 2 inakuwa 4. Jumla ni 23. Ili kufikia 30 zinahitajika 7, basi namba kamili ni 257147. Mtu akikosea akageuza nafasi za 7 na 1, akaandika 251747, jumla pamoja na tarakimu ya mwisho inakuwa 33, ambayo haigawanyiki kwa kumi, na ukurasa unamwambia papo hapo kwamba namba si sahihi, kabla hata ya kuiuliza benki.

Msemaji wa Kiswahili anaujua mchezo huu tangu utotoni. Katika "vitabu vyangu vipya vimepotea," wingi wa ngeli umetajwa mara nne. Kelele za taxi-bus zikimeza mojawapo, tatu zinabaki, na msikilizaji hapotezi maana. Na mtu akisema "vitabu changu" tunatambua mara moja kwamba kuna kitu kimeteleza, hata kabla ya kujua ni kipi. Tunauita uziada: taarifa inayorudiwa ili kosa lionekane. Luhn aliipa namba ngeli. (Wataniambia kwamba hapa mjini tunasema "kitabu yangu" na maisha yanaendelea. Ni kweli. Kiswahili chetu kimepunguza uziada wa upatanisho, lakini hakijaufuta. Umehamia kwenye mpangilio wa maneno na muktadha.)

Mfanano huu unafika mbali kuliko nilivyotarajia, kwa sababu hata udhaifu wake ni ule ule. Kanuni ya Luhn hukamata kosa lolote la tarakimu moja na karibu kila kosa la kugeuza nafasi za tarakimu jirani, ila jozi moja humpita: 09 na 90. Ukikokotoa, 0 ikizidishwa hubaki 0 na 9 inabaki 9. Upande wa pili 9 ikizidishwa inakuwa 18, yaani 1 na 8, yaani 9 tena. Jumla ni sawa, na kosa halionekani. Sasa linganisha "mtoto amemwona mama" na "mama amemwona mtoto." Nomino zote mbili ni za ngeli ya kwanza, kwa hiyo viambishi vya kitenzi havibadiliki hata silabi moja, ukizigeuza, upatanisho uko kimya. Kwa "mtoto amekiona kitabu" hauko kimya.

Jambo la kushika ni kwamba upatanisho hauzuii uongo. Kanuni ya Luhn iko wazi kwa kila mtu, nimeieleza sasa hivi katika aya moja. Mwizi anaweza kuunda maelfu ya namba zilizo sahihi kisarufi bila kumiliki kadi hata moja, kama vile mimi ninavyoweza kutunga sentensi safi kuhusu nyumba ya ghorofa nisiyokuwa nayo. Kanuni hii humsaidia mtu mwaminifu aliyekosea kuandika, na kwa mwizi haina nguvu.

Ufunguo ulio benki

Ndipo zinapokuja tarakimu tatu. Biashara ya kuuza kwa barua na kwa simu ilikuwapo kabla ya intaneti, na muuzaji aliyepokea agizo kwa simu alikuwa na namba ya kadi na tarehe tu. Vyote viwili vilipatikana kwa urahisi, kwa mfano kwenye risiti iliyotupwa jalalani. Mwaka 1995, Uingereza, Michael Stone wa kampuni ya Equifax alipendekeza msimbo wa ziada wenye herufi na tarakimu kumi na moja. Baada ya majaribio, chama cha mabenki cha huko kiliufupisha kuwa tarakimu tatu tunazozijua. Mastercard ilianza kuzichapa mwaka 1997, American Express ilifuata mwaka 1999 kwa tarakimu nne zilizowekwa mbele, na Visa nchini Marekani ilikuwa nazo kufikia 2001.

Watu wengi wanadhani tarakimu hizi huchaguliwa ovyo na kuhifadhiwa kwenye orodha fulani. Sivyo. Hukokotolewa. Benki huchukua namba ndefu, tarehe ya kuisha, na tarakimu tatu za huduma (ambazo kwa msimbo wa nyuma huwekwa 000), huziunganisha, huzigawa katika vipande viwili, kisha huzisimba kwa funguo mbili za siri, hatua baada ya hatua, hadi yatoke maandishi yasiyofanana na chochote kilichoingia. Kutoka katika maandishi hayo huokotwa tarakimu kuanzia kushoto. Za kwanza tatu ndizo zinazochapwa nyuma ya kadi. Unapolipa, benki hurudia hesabu ile ile ndani ya mashine iliyofungwa maalumu kwa kazi hiyo na kulinganisha jibu na ulichoandika. Haihitaji kumuuliza mtu wala kufungua daftari.

Kadi moja hubeba ndugu watatu wa namna hii. Kuna tarakimu zilizofichwa katika ukanda wa sumaku, kuna zilizo ndani ya chipu, ambapo nafasi ya huduma hujazwa 999, na kuna zilizochapwa kwa macho. Kwa kuwa nafasi ya huduma haifanani, majibu nayo hayafanani. Matokeo yake ni ya manufaa: mhudumu mwizi akipitisha kadi yako kwenye kifaa cha kunakili ukanda wa sumaku, anapata namba ndefu na tarehe, lakini hapati tarakimu za nyuma, na hawezi kuzikokotoa kwa sababu ufunguo hauko kwenye kadi. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata hapa iko benki.

Kwa hiyo tofauti kati ya tarakimu ya Luhn na tarakimu tatu ni hii: ya kwanza ni kanuni iliyo wazi, za pili ni kanuni iliyo wazi pamoja na ufunguo uliofichwa. Namna ya kukokotoa imechapishwa na inasomwa na yeyote. Wazo kwamba mfumo uwe wazi na ufunguo peke yake uwe siri lilitolewa na mtu wa fani yetu. Auguste Kerckhoffs, aliyezaliwa Nuth, Uholanzi, mwaka 1835, alikuwa mwalimu wa Kijerumani jijini Paris, na baadaye akawa mmoja wa viongozi wa harakati za Volapük, lugha ya kubuni iliyotarajiwa kuwaunganisha watu wote. Mwaka 1883 alichapisha katika jarida la kijeshi la Ufaransa makala kuhusu uandishi wa siri, akaeleza kwamba mfumo mzuri ni ule ambao ukianguka mikononi mwa adui hauleti madhara. Volapük imebaki kwa wachache, na kanuni yake inatumika kila kadi inapolipa. Nalitaja hili kwa ajili ya wenzetu wa vitivo vingine wanaotuuliza isimu itatusaidia nini.

Kinachozuiwa na kisichozuiwa

Kazi ya tarakimu tatu ni finyu, na ni vizuri kuitaja kwa ufinyu wake. Zinashuhudia kwamba anayelipa ameiona kadi, au angalau amemwona mtu aliyeiona. Hazishuhudii kwamba kadi ni yake.

Nguvu yake kubwa inatoka kwenye sharti wanalowekewa wauzaji. Kiwango cha usalama kinachowafunga wote wanaopokea kadi, kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2004, kinakataza kuhifadhi tarakimu hizi baada ya malipo kuidhinishwa, hata zikiwa zimesimbwa. Muuzaji anaruhusiwa kutunza namba ndefu kwa masharti. Tarakimu tatu lazima azisahau. Mwizi akiiba ghala la data la duka linalofuata sharti hilo anatoka na namba zisizo na shahidi, na duka jingine linalodai tarakimu tatu litamkatalia.

Ndiyo maana wezi wamehama kutoka ghalani kwenda mlangoni. Kati ya Agosti na Septemba 2018 wateja wa British Airways waliolipia tiketi waliibiwa taarifa za kadi, tarakimu tatu zikiwamo. Kampuni haikutakiwa kuwa nazo ghalani, na wizi haukufanyika ghalani: wahalifu walipachika mistari michache ya programu katika ukurasa wa malipo wenyewe, ikawa inanakili yale mteja aliyoyaandika. Shahidi alitekwa akiwa njiani kwenda mahakamani.

Udhaifu wa pili ni wa hesabu tu. Tarakimu tatu zina majibu 1,000, kuanzia 000 hadi 999. Tovuti moja itakufungia baada ya kukosea mara chache, lakini tovuti ziko nyingi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walionyesha mwishoni mwa 2016 kwamba makisio yakigawanywa katika tovuti mamia, kila moja ikipewa machache, jibu linapatikana kwa muda mfupi. Mtandao wa Mastercard uliyatambua makisio hayo ingawa yalitoka pande nyingi. Wa Visa, wakati huo, haukuyatambua.

Kwa sababu hizo benki nyingi huongeza hatua ya mwisho: ukishaandika kila kitu, ujumbe unaingia kwenye simu yako ukiwa na namba ya kutumika mara moja. Hatua hiyo ni kinga nzuri. Pia ndiyo iliyoongeza "kode" nyingine katika msamiati ambao tayari ulikuwa umejaa.

Kode nne

Katika Kiswahili cha Lubumbashi neno kode limetoka Kifaransa, na limebeba mzigo wake wote. (Ndugu zetu wa pwani wakisikia "kode" huelekea kufikiria kodi, ya nyumba au ya serikali, labda hiyo ni sababu mojawapo ya wao kupendelea msimbo.) Wengi wetu tulikutana nalo kwenye simu kabla ya kukutana nalo kwenye kadi. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na ikaingia Kongo mwaka 2012, ikiwa na jina la pesa ambalo sisi watu wa franga na makuta tulilipokea bila ubishi. Airtel Money na Orange Money zinafanya kazi kwa namna hiyo hiyo. Katika fedha za simu kuna siri moja tu, nayo ni kode yako. Mtu amefundishwa: usimwambie mtu kode. Somo hilo ni sahihi kabisa mahali lilipofundishwa.

Kisha anapata kadi. Sasa kode ni tarakimu nne anazobonyeza kwenye mashine ya kutolea fedha. Kode ni tarakimu tatu za nyuma. Kode ni ile ya simu, kama zamani. Kode ni namba ya mara moja iliyoingia sasa hivi kwa ujumbe. Sihesabu zile za nyota na alama ya reli tunazopiga kuangalia salio, ambazo nazo ni kode.

Tuchambue kama tulivyofundishwa kuchambua maneno yanayokaribiana, kwa kuuliza maswali yale yale kwa kila moja. Imeandikwa wapi? Tarakimu nne za mashine hazipaswi kuandikwa popote. Tarakimu tatu zimechapwa kwenye plastiki kwa kila mwenye macho. Namba ya mara moja iko kwenye simu. Inaishi muda gani? Ya kwanza hadi uibadilishe, ya pili hadi kadi iishe, ya tatu dakika chache. Nani ana haki ya kuiuliza? Hapa ndipo penye hatari. Tarakimu nne huulizwa na mashine tu, wewe ukibonyeza mwenyewe. Tarakimu tatu huulizwa na ukurasa wa malipo, na huna budi kuzitoa, la sivyo hununui kitu. Namba ya mara moja huulizwa na ukurasa uleule katika malipo uliyoyaanzisha wewe. Mtu anayepiga simu hana haki ya kuuliza hata moja. Vitu vyenye majibu tofauti hivi katika kila swali vimepewa jina moja, na tunashangaa watu wanapochanganya.

Nimeona mchanganyiko huo ukitokea. Ndugu yangu mmoja, mtoto wa baba mdogo, alikuwa akilipa ada ya maombi ya chuo cha nje. Ukurasa ulikuwa wa Kifaransa. Alipofika kwenye cryptogramme visuel aliniuliza ni nini hiyo, na kabla sijamaliza kujibu akasema, "Aa, ni kode," akaandika tarakimu zake za mashine. Kisanduku kilipokea tatu na kikakataa ya nne. Malipo yakakataliwa. Yeye aliona ni hitilafu ndogo. Mimi nilihesabu: sasa kuna ukurasa mahali fulani uliopokea tarakimu tatu za kwanza kati ya nne. Kabla ya hapo, mwizi aliyeokota kadi yake angekuwa na majaribio matatu kati ya makisio 10,000, maana mashine nyingi humeza kadi au kuifunga baada ya makosa matatu. Baada ya hapo, majaribio matatu kati ya kumi. Alibadilisha tarakimu zake jioni ile, baada ya kunibishia kidogo.

Mfano wa pili ni wa simu. Jirani mmoja wa Katuba alinisimulia maneno aliyoambiwa na mtu asiyemjua, nikayaandika kama alivyoyatamka: "Mama, bonjour. Niko wa ku banki. Unipatiye ile kode yenye imeingia sasa hivi mu telefone yako, juu ya kufungula karte." Isome kama matini. Inaanza kwa mama, yaani heshima na undugu, kabla ya jambo lolote. "Ile" inadai kwamba wote wawili tayari wanaijua kode inayozungumzwa, kana kwamba habari imekwisha kukubaliwa. "Unipatiye" ni ombi la adabu, si amri. Kirejeshi "yenye" na "mu telefone" ni vya hapa hapa. Huyu anazungumza kama mtoto wa Kamalondo. Na "kode," kwa kuwa haina mipaka, inamwezesha kuomba namba ya mara moja bila kuitaja kwa jina lolote ambalo lingemshtua mama. Jirani yangu hakuitoa, kwa bahati: betri ya simu yake ilikuwa inaisha.

Sasa weka kando yake onyo la kawaida ambalo mabenki hutuma: ne communiquez jamais votre code à un tiers. Ni Kifaransa safi. Katiba ya mwaka 2006 inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba kuwa lugha za taifa ambazo dola inapaswa kuzikuza; kwenye jumbe za onyo nilizoziona mimi, lugha za taifa hazipo. Lakini hata ungelitafsiri onyo hilo, bado lingekuwa bovu. Code ipi kati ya nne? Na tiers ni nani? Muuzaji wa intaneti ni tiers, na yeye tunampa tarakimu tatu kila siku. Mtu akilifuata onyo neno kwa neno hatanunua kamwe. Akilivunja mara moja kwa haki, amejifunza kwamba onyo hilo huvunjika. Mwizi anatumia Kiswahili chetu vizuri kuliko benki, na kwa maoni yangu hilo lina uzito kuliko udhaifu wote wa kihesabu niliotaja hapo juu.

Tuziite nini

Nimepima majina kadhaa. "Namba ya siri" linatumika Tanzania kwa tarakimu za kuthibitisha malipo ya simu na za mashine, na Kenya husema nambari ya siri. Libaki huko. Kuliita hivyo kitu kilichochapwa nyuma ya plastiki ni kualika kosa la ndugu yangu. Nywila nayo imekwisha chukuliwa na maneno ya kufungulia akaunti. "Msimbo wa usalama" ni tafsiri isiyosema kitu, kwa kuwa kode zote nne ni za usalama.

Kifaransa chenyewe hakina la kujivunia. Cryptogramme imeundwa kwa Kigiriki: kilichofichwa, na kilichoandikwa. Visuel ni kinachoonekana. Kwa hiyo tunamtaka mama wa Katuba aandike maandishi yaliyofichwa yanayoonekana. Afadhali chiffre, ambayo angalau ni ya ukoo wetu: imetoka Kiarabu, sifr, neno lile lile lililotupa sifuri, na Wazungu walipolichukua walilifanya kwanza kuwa tarakimu, kisha kuwa uandishi wa siri. Siri yetu imetoka Kiarabu pia, lakini katika mzizi mwingine. Kufanana kwake na sifr ni kwa sikio tu.

Yanabaki majina mawili ambayo naona yanafaa. La kwanza ni "namba ya mgongo," au kwa matamshi ya hapa, namba ya mugongo. Limetokana na watu wenyewe, ambao tayari husema "ya nyuma," na linamwelekeza mtu mahali pa kutazama bila kumtajia siri yoyote. La pili ni "namba shahidi." Hili linasema kazi: namba inashuhudia kadi, kama vile tarakimu nne zinavyomshuhudia mtu. Pia linabeba onyo ndani yake, kwani shahidi huitwa na mahakama, haitwi na mpita njia. Kwa namba ya simu ningeacha "namba ya mara moja," ambayo watu huielewa wakiisikia. Onyo la benki lingekuwa hivi, kwa mfano: "Namba ya mgongo unaiandika wewe mwenyewe, ukinunua. Mtu akikupigia simu kuiomba, au kuomba namba ya mara moja, ni mwizi, hata akikuita mama."

Nililijaribu pendekezo hili kwa wenzangu wa mwaka. Wawili walicheka neno shahidi wakasema linawakumbusha kesi za viwanja. Wengi walichagua mugongo bila kufikiri, na huo ni ushahidi mzuri kwa neno lolote jipya. Pingamizi la maana lilitolewa na mmoja aliyeuliza kuhusu kadi za American Express, ambazo tarakimu zake nne ziko mbele. Kwa kadi hizo namba ya mgongo ni uongo, ingawa hapa mjini sijapata kuiona hata moja.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwenye kadi zinazokuja. Mwaka 2016 benki ya Société Générale ya Ufaransa ilianza kutoa kadi yenye kioo kidogo nyuma, ambacho tarakimu zake tatu hubadilika kila baada ya saa moja. Hiyo bado ina mgongo. Lakini mwaka 2022 Safaricom ya Kenya na Visa zilitoa kadi ya M-Pesa isiyo na plastiki kabisa: namba ndefu, tarehe na tarakimu tatu vyote huonekana kwenye simu, na tarakimu tatu hutolewa upya kwa ajili ya malipo, zikadumu kwa muda mfupi tu. Kwa kadi ya namna hiyo mugongo hauna mahali pa kukaa, na mpaka kati ya kode ya pili na ya nne, niliyoitenganisha kwa maswali yangu hapo juu, unaanza kufutika. Namba shahidi ingestahimili mabadiliko hayo. Kama watu wa Lubumbashi watakubali kuisema ni suala jingine, na sitegemei kulijua kabla kadi za namna hiyo hazijawafikia jamaa wa Katuba.